Mfuko wa Shati la Wendell

Msibani kwa Wendell hakulia mtu. Sisemi kwa kulaumu. Kila watu na mila zao, na wenzetu wa hapa humuaga mtu wao kwa sandwichi zilizokatwa pembetatu na picha za marehemu zikipita ukutani, huku wengine wakicheka. Lakini mimi ni wa Tanga, na baada ya miaka yote hii ya Toronto, nikiingia penye msiba bado macho yangu hutafuta mkeka. Nilipewa kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja la magharibi ya mji, Jumamosi mchana, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vya watu. Jukwaani walikuwa wamejipanga wanafunzi wake, wapiga kinanda cha mdomo, wazee kwa vijana, na wote, hata mabinti, walivaa mashati yenye mfuko kifuani. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyekaa kando yangu aliniona nikiwatazama, akaninong'oneza kwamba shati la mfuko ndiyo alama ya wanafunzi wa Wendell, na kwamba asili yake ni Mississippi, kwa wakongwe wa muziki wa bluzi. Nikamwambia ahaa. Wendell alizaliwa Nova Scotia, mashariki ya nchi hii, kwenye ukungu na baridi, na sijui kama hiyo Mississippi aliwahi kuiona zaidi ya kwenye ramani. Mfuko ule najua ulikotoka, maana siku ulipohitajika kwa mara ya kwanza nilikuwepo, nimekaa na pochi mbili mapajani, yangu na ya Bi Zuhura.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, nikikaa na Bi Zuhura kwenye nyumba ya matofali mekundu huko Parkdale, nyumba iliyokatwakatwa vyumba hata aliyeijenga asingeitambua. Bi Zuhura hakuwa ndugu yangu wa damu. Alikuwa shoga wa mama yangu tangu usichana wao, nami nilikabidhiwa kwake nilipokuja kusoma. Tulikuwa na chumba kimoja cha kulala, na jiko ambalo ndilo lilikuwa pia sebule, mahali pa kusalia na pa kupigia nguo pasi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli, akirudi na mikono iliyokauka, na kabla hajavua hata mtandio alijipaka mafuta ya nazi mpaka viwikoni, kisha akabandika wali. Alikuwa mwanamke wa maneno. Alisema na sufuria, alibishana na redio, na theluji aliisema kana kwamba ni mke mwenzie. Kwao alikuwa haikosi taarabu. Si kwamba aliimba, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Alijulikana kwa kutunza. Mwimbaji akifika kwenye neno lililomgusa, Bi Zuhura aliinuka na noti yake, mwendo wa taratibu, mabega yakicheza, na ukumbi mzima ukageuka kutazama leo anamwambia nani. Hadithi hizo nilizisikia kila jioni, nikimenya vitunguu, na nilizifurahia kuliko televisheni.

Nyumba za hapa hupashwa moto kwa hewa inayopita kwenye mabomba ya bati kutoka chini, ikatokea kwenye tundu la sakafuni lenye wavu. Tundu letu lilikuwa jikoni, kando ya gunia la mchele, na kwa kuwa Wendell alikaa besmenti, chumba cha chini kabisa ya nyumba, maisha yake yote yalitufikia kwa njia hiyo: kahawa yake, kikohozi chake, na kinanda chake. Alikuwa mtu mrefu, mweusi, mpole, wa makamo, aliyevua kofia kila alipokutana nasi ngazini. Alfajiri aliendesha gari la kusambaza mikate. Mchana alirudi, akalala kidogo, na kuanzia saa kumi alifanya mazoezi. Jumamosi alasiri alipiga kwenye baa moja si mbali na pale. Bi Zuhura alimwita Jirani, na alipokuwa anapika akisikia sauti inaanza kupanda kutoka sakafuni, alikuwa anapunguza moto ili mafuta yasimpigie kelele.

Watu wengi hudhani kinanda cha mdomo ni cha kupuliza. Watoto hukipuliza, na ndiyo maana kwa watoto kinatoa sauti ya furaha. Wendell alinieleza siku moja, tumekaa ngazi za nyuma, kwamba mpigaji wa bluzi huchukua kinanda kilichotengenezwa kwa wimbo wa namna moja, akakipigia wa namna nyingine, ili sauti anazozitaka zote ziwe upande wa kuvuta pumzi. Ukivuta, alisema, unaweza kuikunja sauti kwa ulimi na koo, ukaishusha taratibu mpaka ikakaa mahali ambapo haina jina. Kisha kuna viganja, anavyovifumba na kuvifumbua mbele ya kinanda, sauti ikaziba na kuzibuka. Nimewasikia wengi tangu wakati ule, na wengi wao wana mbio, hawaachi nafasi hata ya sindano. Wendell alipiga kipande kifupi, akanyamaza, akakiacha kiende zake, ndipo akakijibu kwa kingine cha chini zaidi. Hayo yote mimi nilifundishwa. Bi Zuhura, ambaye hakufundishwa na mtu, alisema tangu wiki ya kwanza, mwiko mkononi, "Salma, huyu bwana hapulizi. Analia kwa kwikwi." Akanionyesha. Mtu akilia kweli, machozi si kitu, kilio kiko kwenye pumzi anayoivuta ndani, ile inayokatikakatika. Nilimcheka, lakini kila nilipomsikiliza Wendell baada ya hapo nilisikia alichokisema.

Majira ya baridi kali ikaja simu kutoka Tanga. Mama yake Bi Zuhura amefariki, na kwa vile kwetu maiti haicheleweshwi, alikuwa ameshazikwa kabla habari haijatufikia. Hata ingewahi isingesaidia. Karatasi za ukaazi za Bi Zuhura zilikuwa bado zinashughulikiwa, na wakili alishamwambia kwamba akitoka nje ya nchi asitegemee kurudi. Alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akarudisha simu mahali pake, akaendelea kuchambua mchele. Nilimkumbatia, akanipigapiga mgongoni kana kwamba mfiwa ni mimi. Hakulia. Usiku ule hakulia, kesho yake akaenda kazini, na aliporudi hakuisema theluji wala sufuria.

Waliotushughulikia ni akina mama wenzetu, wakiongozwa na Bi Mwanahamisi wa Mississauga, mwanamke mnene mwenye koti la buluu ambaye hakuna shughuli ya Waswahili katika mji huu iliyofanyika bila yeye kushika mwiko. Walikuja na sufuria za pilau zilizofungwa mablanketi, wakarundika viatu mlangoni na makoti kitandani, wakajaa jikoni mwetu mpaka kwenye kaunta. Walisoma hitima, kisha wakaanza dhikri, taratibu kwanza, halafu sauti zote zikawa moja. Hapo ndipo kinanda kilipoanza. Kilipanda kutoka chini ya gunia la mchele, polepole, kwa adabu zote, kikatafuta sauti zetu, kikazipata, kikatufuata. Wanawake wawili waliuma ncha za mitandio yao wasicheke. Mimi nilitamani sakafu ipasuke, ingawa ingepasuka ningeangukia kwake. Nikamtazama Bi Zuhura. Tasbihi yake ilikuwa imesimama kidoleni na kichwa chake kimeinama upande wa tundu, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu niliona uso wake una mtu ndani.

Bi Mwanahamisi hakuyaona hayo. Aliniuliza kuna nini humo chini, nikamwambia ni jirani, anapiga kinanda. "Kwenye hitima?" akasema, na kabla sijajibu alishatupia koti lake mabegani anashuka ngazi. Maneno yake tuliyasikia wote kupitia tundu, kwa Kiingereza kilichonyooka: hii ni nyumba ya msiba, mama wa watu amekufa, na kwa desturi yetu hapapigwi muziki mpaka arobaini ipite. Hakuwa mtu wa kupunguza jambo. Tulimsikia Wendell akiomba radhi, tena na tena. Baadaye sana aliniambia kwamba alidhani ni kwaya inafanya mazoezi, na kwamba kanisani kwao, huko alikozaliwa, ukisikia watu wanaimba nawe una chombo, kukaa kimya ndio utovu wa adabu. Asubuhi tulikuta mikate miwili mlangoni. Ilikuwa bado ya moto.

Kisha kukawa kimya. Wendell aliitii ile amri kuliko sisi wenyewe tulivyotarajia. Saa kumi ilifika ikapita, na kilichopanda kutoka tunduni kilikuwa joto tu. Bi Zuhura alikwenda kazini, akarudi, akapika chakula kisicho na chumvi, akakiacha kwenye sahani. Mashuka aliyokunja kiwandani aliyaendeleza nyumbani: akikaa kitandani alikunja khanga, akaikunjua, akaikunja tena. Siku moja nilimkuta jikoni amechutama kando ya gunia, mkono mmoja juu ya wavu. Akaniuliza, "Jirani kahama?" Nikamwambia hapana, ametuwekea heshima. Akaitikia kwa kichwa, akabaki pale pale. Niliogopa sana. Katika nchi hii nzima nilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa anazimika mbele yangu kidogo kidogo, na wote waliotupenda waliona tunafanya vizuri, nyumba imetulia, mfiwa ana subira.

Alasiri moja natoka chuoni nikapita uchochoro wa nyuma ya nyumba. Gari la mkate lilikuwa limeegeshwa pale, vioo vimejaa mvuke, na ndani yake nikasikia kile kilio, kwa mbali, kama mtu aliyejifunika blanketi. Kumbe mtu yule alikuwa anafanya mazoezi kwenye gari, katika baridi ile, asije akatuvunjia matanga. Nilipanda mbio nikamwambia Bi Zuhura. Hakuuliza swali. Alivaa koti juu ya dera, akatumbukiza miguu yenye soksi kwenye kandambili, akashuka theluji ikimfika vifundoni, akagonga kioo. Wendell alipomwona alificha kinanda kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari, akaanza upya kuomba radhi. Bi Zuhura akazunguka, akafungua mlango wa pili, akapanda, akakaa. Mimi nikasimama mlangoni kutafsiri.

"Mwambie apige."

Wendell alisema hawezi. Alimpa ahadi yule mama wa koti la buluu, siku bado hazijatimia, na ahadi iliyotolewa kwenye nyumba ya msiba, hata kwao, haivunjwi.

"Mwambie siku hizo ni zangu," alisema Bi Zuhura. "Na mama ni wangu."

Nilimwambia. Akashika usukani wa gari ambalo haliendi popote. Akasema anasikitika, lakini anaona aibu kupiga kabla ya wakati. Arobaini ikishapita, Jumamosi itakayofuata, tuje pale anapopiga, ni mchana, watu ni wastaarabu, na kiti cha mbele kitakuwa chetu. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa, akanyoosha mkono nyuma akampa mkate mdogo wa mviringo. Bi Zuhura akaula pale pale, wote wawili wakitazama kioo chenye mvuke. Aliumaliza. Nilikuwa sijamwona akimaliza chakula tangu ile simu, na mpaka leo nikisikia harufu ya mkate mpya moyo wangu hulegea.

Baa ni baa, na nilikuwa na wasiwasi wa nani atatuona. Bi Zuhura aliswali adhuhuri, akavaa buibui lake jipya, akajifukiza udi kama anakwenda harusini. Nilipojaribu kusema neno alinikata. "Naenda msibani," akasema. "Mahali si hoja." Tukakaa mbele, tukaagiza soda ya tangawizi, yeye amenyooka kitini, pochi mapajani. Palikuwa na wazee wachache, mtu mmoja wa posta bado ana sare, mwanamke aliyekuja na mbwa. Wendell alivaa sweta na kofia, kinanda na maikrofoni amevifumba pamoja viganjani, mpiga gitaa mmoja nyuma yake. Akapiga moja ya haraka, watu wakagonga meza. Ya pili ilikuwa ya polepole. Katikati yake alivuta sauti moja, akaikunja, akaishusha, akaikata kabla haijafika. Akanyamaza.

Bi Zuhura akanipa pochi yake na akainuka. Noti ilikuwa tayari mkononi, sijui aliitoa saa ngapi. Alikwenda kwa mwendo ule niliousikia kwenye hadithi zake zote na sijawahi kuuona, taratibu, bega moja likitangulia, mkono umeinuliwa, na baa nzima ikasahau vinywaji vyake. Alipofika mbele ya Wendell akakwama. Kwetu noti hupewa mwimbaji mkononi, na huyu mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Sweta halina mfuko. Wakatazamana. Wendell hakujua hata kidogo anafanyiwa nini, lakini alikuwa mtu wa adabu, akainamisha kichwa, na Bi Zuhura akaichomeka ile noti kwenye utepe wa kofia. Na hapo, bila ya kuambiwa na mtu yeyote, Wendell akafanya kile ambacho kila mwimbaji wa kwetu hufanya akitunzwa. Alikirudia kile kipande. Ile ile sauti, ikakunjwa, ikashuka, ikakatika. Bi Zuhura alikuwa bado amesimama mbele yake. Nikaona mabega yake yanaacha kucheza, nikasikia pumzi yake ikivutika ndani kwa vipande, na akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya yule mtu wa posta na mbwa, na Wendell hakuacha kupiga mpaka alipomaliza.

Baadaye alikuja mezani kwetu, kofia mkononi, na kuniomba nimuulize ile noti ilikuwa ya nini. Bi Zuhura, macho yamevimba, alimweleza kama mwalimu: kwetu unatunza pale neno linapokugusa, si kabla wala si baada. Wendell akasema lakini yeye hana maneno.

"Mwambie anayo," alisema Bi Zuhura. "Pale alisema mama kaondoka na mimi sipo. Alilisema mara mbili."

Wendell aliigeuzageuza kofia yake. Sikuwahi kujua alikuwa amekumbuka msiba wa nani, maana sikumuuliza. Alisema tu, "Sikujua kama inasikika."

Jumamosi iliyofuata alikuja amevaa shati lenye mfuko. Wa kwanza kumuiga Bi Zuhura alikuwa yule mtu wa posta, aliyekwenda kama anapeleka barua, lakini alikwenda. Kisha mwanamke wa mbwa. Wakajifunza kwamba haupeleki wakati wowote, unasubiri kipande chako, na kwamba Wendell atakirudia kwa ajili yako. Wanafunzi walipoanza kumfuata aliwafundisha kukunja sauti, kuacha nafasi, na kuvaa shati la mfuko. Nyumbani kwetu saa kumi ikarudi. Bi Zuhura akarudia kuisema theluji, akatia chumvi, akabishana na redio, na mimi nikafaulu mitihani yangu nikiwa na mtu wa kumpelekea habari. Karatasi zake zilipotoka alikwenda Tanga akakaa kwenye kaburi la mama yake asubuhi nzima. Alirudi, akazeekea kwangu Pickering, na alifariki mkono wake umo mkononi mwangu. Wendell alikuja kwenye hitima yake. Alikaa mkekani na wanaume, magoti yakimuuma, kofia mapajani, kimya tangu mwanzo mpaka mwisho.

Pale ukumbini, wanafunzi walipiga mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa binti mwenye nywele fupi, na alipoanza polepole nilijua anakwenda wapi. Mzee wa ndevu nyeupe akaninong'oneza tena, kwa wema, kwamba sasa nikitaka naweza kwenda mbele kuweka noti mfukoni, hiyo ndiyo desturi, nisione haya. Nikamshukuru. Binti akavuta ile sauti, akaikunja, akaishusha, akaikata. Akanyamaza. Niliinuka. Noti za siku hizi ni za plastiki, zinateleza, nami si kijana tena, lakini miguu ilijua mwendo. Bega moja likatangulia. Niliichomeka mfukoni mwake na yeye akakirudia, na mimi nikavuta pumzi ambayo nilikuwa nimeizuia tangu niingie mahali pale. Msibani kwa Wendell nililia mimi, kwa kwikwi, kwa ajili yake na kwa ajili ya aliyenileta kwake, na nilishukuru huku nalia.

Niliporudi kitini yule mzee alinisogezea kikombe changu. Akasema ameona watu wengi wakilifanya jambo lile, lakini hajaona aliyelifanya namna ile, kama mtu aliyezaliwa nalo. Akauliza ni nani aliyenifundisha.

"Bi Zuhura," nikasema. "Wa Tanga."

Akaniomba nilirudie jina. Nikalirudia.